Maji ya Kukanda, Sakafu ya Baridi

Asubuhi ile ya Julai, mwaka 2017, haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya. Wewe unaoa mwezi ujao. Basi kaa hapo, weka simu chini, unisikilize. Nikipandisha sauti, vumilia.

Wakati huo mikono yangu ilikuwa bado ina nguvu, na kazi yangu hapa Joburg ilikuwa kuwakanda wazazi. Akijifungua mwanamke wa kwetu, awe wa Tanga au wa Unguja, nilipanda teksi kutoka Yeoville nikaenda kumkanda kwa maji ya moto mpaka arobaini yake iishe, kama mama zetu walivyotukanda sisi. Siku hiyo nilikuwa nakwenda Malvern, mtaa wa nyuma ya Jules Street, kwa Mwanaidi, mke wa Idi muuza simu. Alikuwa na kichanga cha kike, uzazi wake wa kwanza.

Nyumba ile ilikuwa na ajabu yake. Mzungu aliyeijenga zamani alizika mabomba marefu uani, chini ya nyasi. Maji yanazunguka humo, yanachukua joto la udongo, maana huko chini baridi ya Julai haifiki. Mashine iliyokaa stoo inalikuza joto hilo, kisha inalipeleka mahali pawili: chini ya sakafu, na kwenye tangi la maji ya kuogea. Ukiingia unavua viatu, unakanyaga vigae vina uvuguvugu, unasema alhamdulillahi. Ndivyo nilivyoizoea.

Siku ile, baada ya siku mbili za kutofika, nikavua viatu, nikakanyaga barafu.

Chumbani Mwanaidi kajikunyata na mtoto ndani ya mablanketi. Nikamshika mtoto miguu, baridi. Nikamshika tumbo, baridi vilevile! Halii, hanyonyi, kalegea tu. Wewe hujapata mtoto, hujui kichanga kilichonyamaza namna ile kinavyotisha. Nikafungua kanga ya mama yake, nikamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, nikawafunika wote wawili gubigubi. Kisha nikatoka sebuleni.

"Nani kaigusa mashine?"

Akajibu Bi Rehema, mama yake Idi, aliyekuwa amewasili juzi yake kutoka Tanga kumuuguza mkaza mwanawe. Tena kwa fahari! "Mimi. Maji yalikuwa vuguvugu. Mzazi atakandwa na maji ya kunawia? Nimeyapandisha mpaka mwisho."

Idi naye akadakia. "Eish, mama, mimi nikaona sakafu imepoa, nikaipandisha nayo mpaka mwisho. Wapi! Tokeni za umeme zinakwisha tu. Basi usiku naizima, asubuhi naiwasha. Mashine mbovu hii."

Mashine mbovu! Nilitamani nimkande yeye, tena bila maji.

Nikarudi kwa Mwanaidi, nikamuuliza kama anajua chochote. Akanijibu kwa sauti ya chini, mtoto kifuani. "Niliwaambia, bibi. Mashine haipeleki moto kote kwa pamoja. Inaanza na tangi, likifika pale ulipotaka ndipo inageukia sakafu. Sasa mama kaiomba moto isiouweza. Inahangaika na tangi kutwa, inawasha na hita ya umeme iliyomo ndani iisaidie, na hiyo ndiyo inayokula tokeni. Sakafu haipati zamu. Halafu Idi akiizima usiku, vigae vinapoa kabisa, na kuvipasha upya ni kazi ya siku nzima."

"Ukawaambia haya, wakasemaje?"

"Mama alisema kazi ya mzazi ni kulala na kunyonyesha. Idi alisema nipumzike."

Mori ukanipanda, mwanangu! Binti kakaa na mashine ile misimu miwili ya baridi. Ndiye aliyekuwa akipandisha kidogo, anangoja hadi kesho yake, anapima kwa nyayo zake. Wao wanamlaza kitandani, wanamfunika miguu na mdomo pia, wanaita heshima, na mtoto wake anapoa mikononi! Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Bi Rehema ndiyo kwanza kashusha mzigo. Na Idi? Analala tu humo, kukikucha yuko mjini na simu zake.

Nikarudi sebuleni. "Bi Rehema, sisi rika moja, nakuheshimu. Lakini niambie, tangu lini sisi tukakandwa na maji ya bomba? Wewe ulipomzaa huyu Idi, Tanga kulikuwa na bomba la moto? Maji ya kukanda huchemshwa kwa sufuria! Jiko la gesi lile pale." Akainuka, akaenda jikoni kutafuta sufuria.

"Na wewe, Idi, nenda stoo. Mkeo atakuelekeza kutoka kitandani. Usiguse kitu ambacho hajakitaja."

Milango ikaachwa wazi. Mwanaidi akapaza sauti: "Tangi, rudisha hamsini. Sakafu, ishirini na moja. Usiku usiizime, iache iende taratibu."

"Sakafu niongeze kidogo, ipate moto haraka?"

"Hapana! Ngoja hadi kesho."

Karibu na adhuhuri, pale pale kifuani, mtoto akaanza kutafuta titi. Alipolishika, Mwanaidi akalia, nami nikalia, sioni haya kukuambia. Bi Rehema alikuwa jikoni anachochea sufuria yake, na mafua yake yalianza ghafla sana.

Kesho yake nikavua viatu mlangoni, vigae vikanipokea. Bi Rehema nilimkuta stoo, miguu mitupu, kasimama mbele ya mashine, mikono kaifunga nyuma, anaita kwa sauti: "Mwanaidi, mwanangu, na hii namba ya chini maana yake nini?"

Mtoto yule sasa anasoma, ananijibu Kizulu nikimsalimia Kiswahili. Lakini hasira yangu haijaisha, maana kila siku naliona jambo lile lile katika nyumba za watu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na anayeijua njia kaambiwa alale.

Basi shika hili, mwanangu. Kitu cha taratibu kiguse kidogo, kisha ukiache kikujibu. Ukikigusa tena kabla hakijajibu, hutajua kosa ni la nani. Na kabla hujanyoosha kidole, muulize anayekaa nacho. Utaoa mwanamke mwenye akili. Akisema kitu akiwa amelala kitandani, kakisema vilevile kama aliyesimama.

Mola akujalie nyumba yenye joto, akujalie mtoto anayelia kwa nguvu, na akufungue masikio kabla sijaja mimi kuyafungua. Amina.