Sauti ya Kuamia Ndege

Katika kitongoji chetu cha Michenga mimi ndiye wa kwanza kushika stashahada ya uandishi wa habari, na sioni aibu kulisema. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Dar es Salaam nilibeba zege asubuhi, mchana nikaingia darasani na saruji kwenye kucha. Wenzangu walipomaliza walibaki kule kugombania nafasi. Mimi nilirudi Ifakara na kinasa sauti nilichonunua mwenyewe, nikaanza kazi kwenye redio yetu ya jamii pale Mlabani. Leo nikisalimia bonde letu la mpunga asubuhi, wenye mashine za kukoboa huzima kwanza wasikilize. Muulize yeyote.

Kilichonipa jina ni kalavati. Lile la njia ya mashambani kwetu lilisombwa na maji, watu wakawa wanatoa mpunga kwa kichwa. Nikaenda kuwahoji wakulima. Wa kwanza niliyemkuta alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia shamba, kombeo mkononi. Alikuwa mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwandishi."

Taa ya kinasa sauti ilikuwa imewaka, naye hakutaka watu waseme redio inahoji ndugu. Akaanza kueleza habari za kalavati, na katikati ya maneno kundi la ndege, kwelea kwelea, likatua. Akaniacha hapo hapo.

"Haaa-swa! Haaa-swa! Ondokeni! Nendeni kwa mwenyekiti, njia yake ni nzima!"

Donge la tope likaruka kutoka kwenye kombeo. Kisha akanigeukia, anahema. "Endelea, mwandishi."

Nilipozima kinasa sauti ndipo akauliza, "Mwanangu, umekula?"

Kelele zile nilizifanya sauti ya kufungulia kipindi cha wakulima, kuanzia masuke yanapotoka hadi mavuno. Miezi mingine tulipiga ngoma, maana kwetu hakuna anayeita kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, kabla ya masuke. Ukiita mapema, unawaalika ndege. Mwenyekiti wa kijiji alinikuta sokoni akalalamika huku anacheka: "Kijana, ndege wa bonde zima umewaelekeza kwangu!" Kalavati likajengwa. Wapo wanaosema lilikuwa limeshapangwa. Mimi najua.

Mama hakuwahi kuniambia kama alikisikia kipindi. Kila nikimuuliza, betri zimekwisha. Nikampelekea katoni nzima ya betri. Bado, betri zimekwisha.

Baadaye akafariki. Tangu hapo, msimu wa masuke ukifika, kila Alhamisi, siku ya kipindi, nilikuwa nawahi studio, navaa hedifoni mapema, na kabla sijafungua mdomo namsikia akiwafukuza ndege. Halafu namngoja tena wiki nzima.

Mwaka huu, watu wakiwa bado wanapandikiza, radi ilipiga na kompyuta ya studio ikaungua na vyote vilivyomo. Kadi ya kinasa sauti ilishafutwa zamani, ndivyo tunavyofanya wote ili kupata nafasi. Niliuliza kila mtu ninayemfahamu mwenye simu ya kurekodi. Hakuna aliyekuwa na sauti ile.

Alhamisi iliyofuata hata ngoma hatukuwa nazo. Saa ya kipindi ikafika, kimya. Sikuweza kukivumilia. Nikasogelea kipaza sauti, nikaita mwenyewe: "Haaa-swa! Haaa-swa!"

Simu zikaanza kuingia, nazo nikazipokea hewani.

"We bwana, mpunga hata haujashika mizizi, unawaita ndege wa nini?"

"Dar imekuharibu, kaka!"

Kisha akapiga mama mmoja wa Michenga, ambaye shamba lake linapakana na la kwetu. "Mwanangu, mama yako angekuchapa."

"Mama, nani alikwambia yule wa redioni alikuwa mama yangu?"

"Nani Michenga asiyejua? Ulikuwa ukianza tu kusema, anatufokea: nyamazeni, mwandishi anaongea! Hata kama tunakula."

"Mbona aliniambia betri zimekwisha?"

"Betri zipi? Redio yake ilikuwa ya sola."

Hapo hapo hewani, bonde zima likisikia, nikamwomba aite kama mama alivyokuwa akiita, nirekodi.

"Naweza, tulikuwa tunapokezana. Lakini si sasa. Njoo masuke yakitoka."

Tangu hapo kila Jumapili napanda pikipiki kwenda Michenga. Nikiulizwa, nasema natafuta habari. Nasimama kwenye tuta la shamba letu, chini ya dungu ambalo sasa limeinama upande mmoja, nautazama mpunga. Umefika magotini, ni majani matupu. Jumapili iliyopita nilichuchumaa, nikabonyeza shina moja kwa vidole nione kama limeanza kubeba mimba ya suke.

Bado.