Chupa ya Mwisho ya Mbegu ya Mama Mkwe

Usiku ule mama mkwe wangu aliingia kiwandani kwetu, na kama kawaida yake hakubisha hodi. Nasema kiwandani, kumbe ni chumba cha matangi mawili tu nyuma ya nyumba, huku Njombe kwenye baridi, ambako mimi na mume wangu tunatengeneza mtindi. Mama alishakufa siku nyingi. Hilo halikumzuia kuja kunisumbua.

Niwaeleze kwanza tulivyokuwa. Mtindi wetu wote ulitokana na mbegu yake: unachota kidogo cha jana, unatia kwenye maziwa ya leo, bakteria wanazaliana, maziwa yanaganda. Miaka yote. Halafu yakagoma. Asubuhi unakuta tangi zima ni maji maji tu, yananuka. Dokta Anna, mtaalamu wa maziwa, akaja kupima, akasema bakteria nao wana ugonjwa wao. Ni kirusi. Kinamng'ang'ania bakteria, kinamwingizia vinasaba vyake, na yule masikini anaacha kazi zake zote, anazalisha virusi tu mpaka anapasuka.

"Na mnavyochota cha jana mkatia cha leo," akasema, "mnakibeba kwa mikono yenu wenyewe."

Tulikuwa na chupa mbili za mbegu safi ya mama, tulizozigandisha kwenye friza kabla ya ugonjwa. Ya kwanza niliifungua jikoni, mbali na matangi, nikijiona nina akili. Ikafa nayo. Tungeweza kununua mbegu ya dukani, lakini ladha ya mama ingepotea. Dokta akasema njia ipo, ila ni ya kikatili: chukua maji ya tangi lenye ugonjwa, uyamimine juu ya bakteria wazima wa chupa iliyobaki. Karibu wote watakufa. Huenda wakawepo wachache ambao, kirusi kikiwaingia, wanakikatakata na kuweka kipande cha vinasaba vyake ndani ya vyao. Tangu hapo wanakijua, na watoto wao wanazaliwa wakikijua. Hao ndio mbegu mpya. Wasipokuwepo, basi, ndiyo imetoka.

Mume wangu akakataa katakata. "Hiyo chupa ndiyo mama," alisema. Mtu mzima, machozi yanamtoka. Nikaificha chini ya nyama humo frizani, isiguswe na mtu.

Sasa katika ndoto mama alikuwa amesimama kwenye tangi, mkono umezama hadi kiwiko. Namwamkia, "Shikamoo mama." Haitikii. Anakoroga tu. Sijui ni saa ngapi chumba kimegeuka uwanja wa nyumba yake ya zamani, ila tangi bado lipo katikati, na ukingoni wameketi watoto, miguu wameining'iniza ndani ya maziwa. Nawajua bila kuambiwa. Ni wale aliowazika kwa surua, mume wangu akiwa bado anatambaa. Vipele bado viko usoni. Mdogo wao ananitazama kwa chuki, haki ya Mungu, chuki ya mtu mzima.

"Mbona yeye alibaki?" ananiuliza.

Namgeukia mama amjibu. Mama anacheka, kile kicheko chake cha puani nilichokichukia tangu siku ya kwanza kuolewa.

"Mjibu wewe. Si ndiwe unayelala naye?"

Nalia, nasema mama, mimi sikuwepo.

"Waliugua wote, blanketi moja," anasema. "Nilimkumbatia mkubwa, niliyempenda. Akanifia mikononi. Mumeo alikuwa chini sakafuni, maana mikono yangu ilikuwa imejaa."

Watoto wanateleza ndani ya maziwa, mmoja baada ya mwingine, kimya kimya. Namrukia yule mdogo, namkamata mkono, na mkono unanitoka kama utandu wa maziwa. Nampigia mama kelele awaokoe. Hata hageuki. Anautoa mkono wake tangini, na amekamata ile chupa niliyoificha. Ananishikisha. Baridi yake inachoma mpaka mfupani.

"Unachokificha kimeshakufa," anasema. "Mume wako sikumchagua. Alibaki tu. Mimina, uone nani atabaki."

Nikaamka. Kumekucha, mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Ulikuwa unalia unamwita mama," akasema.

"Mama yako."

Akageuka haraka, uso umemng'aa kabisa. "Ameniulizia?"

Ningeweza kumdanganya. Wake wenye roho nzuri wangedanganya.

"Hajakuulizia," nikamwambia. "Amesema mikono yake ilikuwa imejaa mtoto mwingine, aliyempenda, wewe ukiwa sakafuni. Hakukuchagua, ulibaki tu. Na amesema tumimine."

Akakaa akikiangalia kile kiatu. Sikumgusa. Nilijua nimemchoma, na nilijua nisingepata njia nyingine ya kumfikishia.

"Kweli alikuwa yeye," akasema mwishowe.

Akaenda nyuma mguu mmoja peku. Nilipomfuata, alikuwa ameshaiyeyusha ile chupa kwenye sufuria ya maziwa ya uvuguvugu, na kando yake ndoo ya maji ya tangi. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausukuma. Akainua ndoo, akamimina yote mwenyewe.