Siku Niliyolala Kwenye Kiti cha Mgeni

Heri mnisikie mimi mwenyewe, maana Otieno ameshaisimulia hii hadithi bweni zima na kila akiisimulia anaongeza chumvi (mara nilikuwa nakoroma, mara niliota nikiita jina la msichana), na mimi nimechoka kukanusha. Sikukoroma. Hayo mengine ya aibu ni kweli yote.

Siku hiyo nilikuwa nimechoka kama punda wa kubeba maji wa mtaa wa Rhonda. Kabla hata jogoo hajafikiria kuwika nilikuwa napiga deki ukumbi wa chakula, adhabu ya kuigiza sauti ya Deputy, naibu wa mwalimu mkuu, kwa maikrofoni ya paredi. Na Deputy mwenyewe alikuwa ameniambia, bila hata kukasirika, "Barasa, kisa kingine, hata kidogo, unaniletea mama yako." Sasa mama yangu anakata maua ya waridi kwenye mashamba ya huko Kamere, na hiyo ilikuwa Februari, ule mwezi watu wa ng'ambo wanapendana na mama halali. Siku yake ya kupumzika ni moja tu kwa wiki. Niliapa hiyo siku siigusi.

Basi tukapelekwa mjini kuona kazi ya msanii anaitwa Chebet, ndani ya ghala kuukuu la reli. Chebet hachori. Alikuwa amezunguka mitaani akiomba vitu vya nyumbani, viti, vitambaa vya kufuma, kalenda za enzi za kina babu, redio ya kaseti, televisheni ya mgongo mrefu ndani ya kabati lake la kufuli, akavipanga vikawa sebule, akazungushia kamba.

"Sasa hii ni sanaa ama kuna mtu anahama?" Otieno akauliza.

Chebet akacheka, akatuambia kila nyumba ilikuwa na kiti kizuri cha mgeni, watoto wanakaa chini, na mgeni asipokuja kiti kinapanguswa tu, mwaka baada ya mwaka. "Ukitaka kujua watu walitamani nini," akasema, "angalia kiti ambacho hawakukikalia." (Nilielewa. Msidhani sielewagi vitu.)

Wenzangu wakatoka kwenda kula mandazi. Mimi nikabaki, maana ile redio ilikuwa inasoma salamu za zamani, fulani akimsalimia fulani na wote wanaomfahamu, sauti tamu kama uji, na kile kiti kilikuwa kinaniangalia. Dakika mbili tu, nikajiambia. Nikaruka kamba, nikakaa, nikajifunika uso na kitambaa cha kiti kwa sababu ya mwanga.

Kuamka, nasikia watu wamenizunguka wakipiga picha.

"Ona vile wamemfunika uso," mama mmoja akasema. "Kijana wa leo, amechoka kungoja maisha."

"Na hata kiatu kina tundu," mwenzake akajibu. "Huyu msanii hakuacha kitu."

(Kiatu ni changu. Tundu pia ni langu.)

Hapo ndipo ningeinuka niombe msamaha, watu wacheke, yaishe. Lakini nikasikia kikohozi ambacho nakijua hata gizani, nikaganda. Deputy akasimama mbele yangu. Kupitia matundu ya kitambaa nikamwona anatabasamu, kitu sijawahi kuona.

"Hiyo ni sare ya shule yetu," akawaambia wale wamama, kifua mbele. "Tumetambuliwa."

Nikaacha kupumua. Na ningepona jamani, ningepona kabisa, kama hangeingia shosho mmoja, bibi mzee na mkongojo wake, anahema, akaja mpaka kwenye kamba.

"Kiti changu hicho, mimi ndiye nilimpa huyu msichana," akasema, akimwonyesha Chebet. "Lakini miguu imekufa leo."

Sasa mimi nimelelewa na mama ambaye mzee akiingia na wewe umekaa, hakupigi, anakuangalia tu, na heri angekupiga. Mwili haukuniuliza. Nikajikuta nimesimama wima, kitambaa kichwani kama bibi harusi.

"Karibu ukae, Shosho."

Mama wa kiatu alipiga nduru, juisi yake yote ikamwagika kwenye zulia la Chebet. Shosho hata hakushtuka. Akainua kamba, akaketi, akajiegemeza polepole.

"Tangu niolewe nakipangusa," akasema. "Kumbe ni kizuri hivi."

Chebet akaangalia zulia, akaangalia kamba, halafu akamgeukia Deputy. "Huyu ni wenu?"

Deputy akakohoa kile kikohozi chake. "Ni wetu," akasema. Kisha kwangu, kwa upole unaoua: "Barasa. Jumatatu."

Mama alikuja Jumatatu, siku yake ileile ya kupumzika, mikono imejaa mikwaruzo ya miiba. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Karibu kiti, mama," Deputy akasema, akafungua faili yangu, akaanza kusoma makosa yangu moja moja kama tangazo la kifo. Hata hajafika kwa kosa la maikrofoni, mama alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, amelala.

Deputy akaacha kusoma. Akaniangalia, akamwangalia, akaifunga faili bila sauti.

"Toka," akaninong'oneza. "Na ufunge mlango polepole."

Kwa hivyo mimi nimeapa, usingizi ukinishika tena nitalala nikiwa nimesimama, kama farasi. Asubuhi hiyo nilianza mazoezi. Nilisimama nje ya ule mlango mpaka miguu ikaisha, na kila aliyekuja na kelele nikamwekea kidole mdomoni. Otieno naye akaja mbio kuuliza kama nimefukuzwa.

"Shh," nikamwambia. "Mgeni amelala."