Magunia Mawili ya Udongo

Hapa Kakuma, kambini kwa wakimbizi, udongo mzuri hauokotwi. Unautengeneza mwenyewe kwa samadi ya mbuzi na maji yanayomwagika bombani, mpaka mchanga ukubali kuitwa shamba. Ndiyo maana sisi tuliotoka Congo, katika mtaa wetu, tumejiwekea desturi: msichana akiolewa mbali, anafungiwa udongo wa nyumbani.

Mdogo wangu alipoolewa na mfanyabiashara wa Lodwar, alitaka udongo wa tuta langu la nyanya. Angelima kwake Kanamkemer, pembeni mwa Lodwar, auze, asingoje mgao wa chakula tena maishani. Nilimtakia hivyo kwa moyo wote. Ila tuta lile lilikuwa gonjwa. Kulikuwa na kuvu ardhini inayoingia mizizini na kuziba njia za maji, nyanya ikanyauka huku udongo umelowa. Niliidhibiti kwa vitunguu. Bwana shamba alinieleza kwamba mizizi ya vitunguu hutoa kemikali zinazoizuia kuvu isistawi.

"Haijakufa, mama," alisema. "Imebanwa tu."

Tangu hapo nikawa nakata majani ya vitunguu kwa kisu, mizizi siigusi.

Nilimsihi mdogo wangu achukue udongo wa tuta lingine, au basi apande vitunguu katikati. Akanicheka mimi dada yake mkubwa, anayeniita Yaya.

"Yaya, nyanya yako inapita ya bote. Unanifichia udongo?"

Mkaidi yule! Kwa hasira nikamfungia miche ya vitunguu juu ya magunia mawili ya udongo wa tuta lile.

Msimu wa kwanza alinitumia picha. Nyanya zilikuwa zimejaa, nyekundu, majirani wamesimama kando wakizishangaa. Nilitafuta vitunguu katikati yake, sikuviona. Nilipomuuliza, akasema ameving'oa vyote akavipikia wageni. Nikaogopa, nikamwambia kuvu itaamka. Akasema nina wivu.

Msimu wa pili alinipigia simu asubuhi.

"Yaya, majani inakuwa njano. Upande moja tu."

Nikamwambia akate shina atazame ndani. Nilimsikia akikata.

"Iko na kahawia."

Ilikuwa kuvu ile ile. Nikamwambia ang'oe nyanya zote azichome, na udongo ule usitoke uani kwake, hata kijiko. Nyuma yake nilisikia ndoo zikigongana na wanawake wakicheka.

"Nani hao?"

"Majirani, Yaya. Balipenda nyanya yangu. Bamekuja kuchota udongo tena."