Kicheko cha Tangazo la Mbolea

Redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuzagaa, minara ya simu ikapanda milimani, nami nikarudi Lukozi na kipaza sauti, mashine ya kurekodia na betri ya gari. Nilikuwa nimetangatanga Tanga, Arusha, hadi Mwanza. Kuigiza sauti kwenye matangazo ndiyo kazi pekee iliyoniruhusu kukaa nyumbani. Mteja yuko Dar es Salaam, ananisikiliza kwa simu na kuniongoza papo hapo. Mimi narekodi, kisha diski inashuka na basi la asubuhi.

Tangazo la mbolea lilinikuta msibani. Mama tulikuwa tumemzika jana yake. Mteja alinipa pole, akasema masika hayasubiri. Nisiporekodi leo angechukua mtu wa mjini, na kazi zote za msimu zingekwenda naye.

Baba mdogo alifikiri kidogo. "Nenda," aliniambia. "Lakini funga dirisha."

Nilirekodia chumbani kwa mama, mablanketi yametundikwa ukutani. Nje watu walikaa mikekani, ukungu umeshuka hadi migombani. Nilipaswa kuwa mkulima aliyejaza ghala, na mwishoni acheke.

"Kaka, umevuna wewe," mteja alisema. "Cheka."

Nikacheka.

"Hapana. Hicho ni kikohozi. Tena."

Tulirudia mpaka koo likakauka, na sauti ya mteja ikaanza kupoteza subira.

Ndipo alipofika mtani wetu, mama mmoja kutoka Bulwa, mwenye sauti ambayo blanketi haliizuii. Kwetu mtani anaruhusiwa kumdhihaki marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumkataza.

"Nipisheni nikachungulie kaburi," alisema. "Nilimwazima ungo wangu tangu mwaka juzi. Huyu kafa makusudi asiurudishe."

Mwanamke mmoja akamjibu, "Si uko jikoni, mama."

"Umetoboka. Ndiyo maana kakimbia."

Ungo ule niliujua, na tundu lake pia. Kilichonitoka sikukipanga. Nilicheka mpaka machozi yakanimwagika, mdomo ukiwa palepale kwenye kipaza sauti.

"Hicho hicho," mteja akasema. "Usiguse kitu."

Masika yote kicheko kile kilisikika madukani Lukozi. Kila kilipoanza, baba mdogo aliinuka akaenda zake. Mteja akaleta tangazo la mbegu, kisha la bomba la kupulizia dawa, na kila mara aliniambia, "Nipe kile cha siku ile." Nilijaribu. Nilifumba macho nikamkumbuka mama akipepeta maharage, na nilipofungua kinywa ilitoka pumzi kavu tu. Mara ya mwisho alisema kwa upole kabisa, "Tutakupigia."

Niliisubiri simu hiyo hadi vuli ikapita. Kisha nikaaga, nikashuka Mombo kutafuta gari la kwenda popote.