Salamu za Saa Moja

Kwao walimwita Fundi, na kila aliporudi likizo majirani walimletea redio na pasi zilizokufa. Alishachoka kueleza kwamba yeye ni mhandisi wa programu katika kampuni kubwa, kwamba kazi yake ni kuhakikisha ujumbe wa mamilioni ya watu unafika unakokwenda. Akawa anazifungua tu hizo pasi, na mbili tatu zikapona.

Kazi ilimpa mambo, tusiseme uongo. Ilimjengea mama yake nyumba, ikawasomesha wadogo zake, ikampa kiti cha kuzunguka na chakula cha bure mara tatu kwa siku. Alikula peke yake, macho kwenye skrini, na katika miaka sita hakuna mwenzake hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama ana mama. Chumbani kwake palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa bado na karatasi ya dukani. Upweke ulimkaba, naye hakuwa na wa kumwambia.

Mama yake alitaka kitu kimoja tu: asalimiwe kila asubuhi. Fundi alijitahidi, kisha vikao vikammeza, akaanza kusahau. Basi akafanya wanachofanya watu wa kazi yake: akaandika programu ndogo. Kila siku saa moja asubuhi programu ilichagua salamu moja kati ya thelathini alizotunga mwenyewe, ikaituma. Ujumbe ukikwama, kengele ingemlilia. Usipokwama, asisumbuliwe. Majibu ya mama aliyasoma kwa mkupuo Jumapili.

Haukukwama hata mmoja.

Jumapili moja ilimpita, mitambo ya kazini imezua balaa. Iliyofuata alifungua simu akakuta salamu zake kumi na moja zimejipanga, jibu hakuna. Alikuwa ameiwekea kengele salamu isiyofika. Isiyojibiwa hakuifikiria kabisa. Akampigia dada yake, ndipo akaambiwa mama alianguka bafuni, kavunjika nyonga na mkono wa kuandikia, yuko hospitali siku ya kumi na moja.

“Mbona hamkuniambia?”

“Mama alikataa. Nilikuwa namsomea salamu zako. Akasema, ‘Haulizi hata mbona sijibu. Basi kazi zimembana, mwacheni.’”

Fundi alisafiri siku ile ile. Njia nzima alitunga maelezo, akayafuta, akatunga mengine. Alipofika mama alikuwa amelala, amekonda, mkono una plasta mpaka kiwikoni, dada yupo kando ya kitanda. Akavuta kiti akakaa, akajiambia atamweleza akiamka.

Mama aliamka kumeshakucha, akatabasamu kumwona, akaomba maji. Fundi akamwinua kichwa kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshikia kikombe. Hapo simu ya mama iliyokuwa chini ya mto ikalia. Dada, kwa mazoea ya siku zote hizo, akaitoa na kusoma kwa sauti:

“Shikamoo mama. Nimeamka nakuwaza. Umelalaje?”

Saa ya ukutani ilikuwa saa moja kamili.

Mama aliitazama mikono ya mwanawe, mmoja kisha wa pili, halafu akamtazama usoni. Fundi akamsogezea kikombe.

“Marahaba,” mama akaiambia simu, na yale maji hakuyataka tena.