Punda Watatu wa Njia ya Kabambare

Walisema sitaweza. Walisema mtoto wa kijiji chetu hatapata diploma ya mifugo. Nikaipata, tena wa kwanza darasani. Niliporudi Kasongo na koti na viatu, wakatafuta jingine: punda hatafika Kabambare.

Siku zile za Wabeleji, kila nyumba ilitoa mtu wa kubeba mizigo ya serikali kichwani hadi Kabambare, kwa zamu. Aliyekataa alipigwa fimbo. Nyumba ya marehemu baba yangu nayo ilikuwa na zamu, diploma au si diploma. Nilimwomba bwana mkubwa wa serikali punda watatu. Akakubali: wakimaliza msimu mmoja wa mvua njiani, kijiji chetu kitasamehewa zamu.

Nikawaambia majirani: "Mnibebee zamu zangu wakati ninawafundisha punda. Kisha hakuna atakayebeba tena."

Nyumba nne zilikubali. Baba mdogo alicheka. "Wee mwenye karatasi! Waungwana, wale wa misafara ya pwani, walileta punda pale Nyangwe zamani. Mifupa yao iko wapi?"

"Wao hawakuwa na diploma, baba."

Watu wakacheka, naye akauchukua mzigo wangu.

Punda walipofika niliwaonyesha watu msalaba mweusi mgongoni, alama ya babu zao, punda mwitu wa Nubia. Wale wa Somalia, nikasema, wana milia miguuni. Wa Asia ni jamii nyingine kabisa. Maniema nzima hakuna mwingine aliyejua hayo.

Njiani, karibu na Wamaza, mbung'o waliwafunika matumbo. Safari ya pili wakakonda, macho yakatoa maji. Wawili walikufa. Wa tatu alianguka chini ya magunia. Askari wa msafara akayafungua, akanyoosha kidole kwenye vichwa vyetu sisi tuliowaongoza punda: tubebe.

Ndipo nikaikumbuka ramani yangu ya mtihani. Nilipaka rangi nchi za punda mwitu, zile kavu za kuelekea Bahari ya Shamu, kwetu nikaacha peupe. Mwalimu aliuliza kwa nini. Nilijibu bila kusita: mvua nyingi, na mbung'o. Jibu hilo ndilo lililonipa nafasi ya kwanza.

Niliporudi kijijini nilikuta kilio. Baba mdogo alikuwa ameanguka mlimani, mzigo wa zamu yangu kichwani, hakuinuka.

Nikavua viatu. Nilibeba zamu yangu, na katikati nikawabebea majirani zamu zao, kulipa zile walizonibebea, nyumba moja baada ya nyingine. "Diploma, shika vizuri, mzigo usimwagike!" watu walinipigia kelele njiani. Sikuutua mzigo hata mmoja kabla ya Kabambare. Wasomi wengine wangekimbilia mjini, mimi nililipa.

Mzigo wa mwisho ulikuwa wa nyumba ya baba mdogo. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mjane wake.

"Mama mdogo, nimemaliza. Sidaiwi na mtu."

Akaitazama shingo yangu iliyovimba.

"Aksanti, mwanangu," akasema. "Kesho zamu iko ya nyumba yetu tena."